Fomu ya Makato

Ukitaka kupima nguvu ya chama cha wafanyakazi, usihesabu fulana za Mei Mosi. Nenda ofisi ya utumishi, uulize fomu za TUF 6 zilizomo kwenye faili ni ngapi.

Hiyo ndiyo fomu anayojaza mwanachama wa Tanzania Bara ili akatwe ada kwenye mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kuyafikisha makato hayo kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Utaratibu una faida yake: nani atazunguka shamba zima la katani akidai ada mkononi? Lakini mwajiri ndiye anayejua nani kajiunga na lini, na funguo za sanduku la chama anazo yeye. Akichelewesha makato miezi mitatu, tawi linakosa hata nauli ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuyadai.

Fomu hizo pia ndizo idadi. Chama hupata haki ya kujadiliana na mwajiri kikiwa tu na wengi katika eneo husika la kazi. Sasa mchukue kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Aliye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Akijaza fomu, hakuna haja ya kumfukuza. Mkataba utaisha, hautahuishwa, na hakuna kesi. Kwa maoni yangu, hili limeviua vyama vingi kuliko virungu vya polisi.

Ipo hatari ya upande wa pili, nayo huzungumzwa kwa kunong'ona. Chama chenye wengi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba hata wasio wanachama wakatwe, kwa jina la ada ya uwakala, kwa kuwa nao hunufaika nyongeza ikipatikana. Hoja ina haki ndani yake. Ila fedha inayoingia bila mtu kushawishiwa humfanya katibu asahau njia ya kiwandani. Tumewahi kuliona hilo, katibu asiyewahitaji wanachama, kwa ukubwa zaidi: mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lilivunjwa, kikaundwa chama kimoja cha kitaifa, NUTA, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Aliyegombana na serikali angemshitakia nani?

Siku hizi walimu wanaokatwa ada na chama chao huuliza, wakiwa na hati ya mshahara mkononi, fedha inakwenda wapi. Kujitoa kunaruhusiwa, kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Lakini penye makubaliano ya uwakala, aliyejitoa huendelea kukatwa, safari hii kama asiye mwanachama, na kwenye uchaguzi wa viongozi hana kura.