Fainali ya Simba ilivyotazamwa Olmotonyi: Koti la chungwa, redio ya 1993 na bao la dakika za nyongeza

OLMOTONYI, Arusha. Soumaila Sidibe alipoifungia RS Berkane bao la kusawazisha dakika ya tatu ya nyongeza kule Uwanja wa Amaan, Zanzibar, banda zima lilipiga kelele kwa sababu mbili tofauti. Upande wa kulia walirusha kofia juu. Upande wa kushoto walishika vichwa. Katikati, kwenye benchi la mbele, mzee mmoja mwenye kofia nyekundu iliyopauka alibaki amekaa vilevile, mikono juu ya fimbo yake, macho kwenye televisheni.

Hivyo ndivyo Jumapili ya Mei 25, 2025 ilivyoishia huku chini ya Mlima Meru. Simba 1, Berkane 1. Jumla ya mechi mbili, Simba 1, Berkane 3. Kombe la Shirikisho Afrika likaenda Morocco, na hiyo ikawa mara ya tatu kwa Berkane kulibeba baada ya 2020 na 2022.

Matokeo yenyewe kila mtu anayajua. Ambacho hakikuonekana kwenye kamera ni jinsi fainali hiyo ilivyochezwa mara ya pili kwenye mabanda umiza ya vijijini, mahali ambapo Simba na Yanga wanakaa bega kwa bega na hakuna polisi wa kuwatenganisha.

MATOPE, BARIDI NA BUKU MOJA

Olmotonyi ipo nje kidogo ya jiji la Arusha, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Namanga, ukishaipita Ngaramtoni. Wengi wanaifahamu kwa Chuo cha Misitu kilichoanza tangu 1937. Mwezi Mei huwa ni matope na baridi. Watu wanaingia bandani na makoti, wengine na mashuka ya Kimaasai, na pumzi za watu ndiyo heater yenyewe.

Kiingilio siku hiyo kilikuwa buku. Siku za ligi huwa jero, lakini mwenye banda alisema fainali haiji kila mwaka na hakuna aliyebisha. Viti vya plastiki vilikwisha mapema. Waliochelewa walikaa juu ya kreti za soda, na watoto walichungulia kwenye matundu ya mabati.

Mwenye banda ana utaratibu wake. Simba kushoto, Yanga kulia, wazee mbele. Ni utaratibu uliotokana na uzoefu, maana kuna siku meza iliwahi kuvunjika.

Yanga walikuja wengi, tena mapema, kuliko hata baadhi ya Simba. Walikuja kuishangilia Berkane. Dereva mmoja wa bodaboda alivaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, kile cha kung'aa usiku, akajitangaza kuwa ndiye Mwarabu wa Olmotonyi. Jezi ya Berkane ni ya chungwa, kwa hiyo kizibao kikafaa. Machalii wenzake wakamwita kwa jina hilo jioni nzima.

MATUMAINI YALITOKA WAPI

Mtu anaweza kujiuliza Simba walikuwa wanashangilia nini kabla ya mpira kuanza, wakati wiki moja nyuma walikuwa wamepigwa 2-0 kule Berkane. Siku hiyo ya Mei 17, Mamadou Camara alifunga dakika ya nane na Oussama Lamlioui akaongeza ya pili dakika ya 14. Kuna watu waliingia bandani wakiwa wamechelewa robo saa tu, wakakuta mambo yameshaharibika.

Lakini Simba wa Olmotonyi walikuwa na hesabu zao. Aprili 9 mwaka huo huo, kwenye robo fainali, Mnyama alikuwa na deni lilelile la 2-0 kutoka kwa Al Masry ya Misri. Akalilipa lote Kwa Mkapa, akashinda kwa penalti 4-1. Kama Mmisri alilipwa, kwa nini Mmorocco asilipwe?

Mzee wa kofia iliyopauka alikuwa na hesabu ya zamani zaidi. Aliwakumbusha vijana kuhusu 1979, Simba ilipofungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa nyumbani, halafu ikaenda Zambia na kushinda 5-0. Vijana wa Yanga wakamcheka, wakasema mzee anahesabu mabao ya enzi za gwaride. Mzee akawajibu taratibu kwamba mabao hayaozi, wanangu.

Tatizo lilikuwa uwanja. Simba walitaka mechi ichezwe Kwa Mkapa, wanapoingia watu 60,000. CAF ikaihamishia Amaan, unaobeba kama watu 15,000, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea la Mkapa baada ya mvua. Jambo hilo lilizungumzwa sana bandani. Simba walilia kwamba wameporwa mchezaji wa 12. Yanga wakawaambia waache visingizio, maana Amaan ndiko walikoifunga Stellenbosch kwenye nusu fainali.

DAKIKA YA 17

Joshua Mutale alipofunga dakika ya 17, bati za banda zilitetemeka. Mwanafunzi mmoja wa kike wa Chuo cha Misitu, ambaye alikuwa amekaa na jezi nyekundu juu ya sweta mbili, aliruka akamkumbatia mama asiyemjua, muuza karanga. Karanga zikamwagika. Hakuna aliyezidai.

Hapo ndipo hali ya banda ilipobadilika. Bao moja tu lingerudisha hesabu sawa, na dakika zilikuwa nyingi. Upande wa kulia ulinyamaza ghafla. Mwarabu wa Olmotonyi alifunga zipu ya koti lake mpaka shingoni, likafunika kizibao. Simba wakaliona hilo, wakaanza kumuuliza kama Berkane wamesikia baridi.

Ubaya Ubwela ikaimbwa mpaka mapumziko. Mama muuza loshoro aliyekuwa mlangoni na ndoo yake alisema biashara ilisimama nusu saa nzima kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na mkono wa bure.

Kipindi cha pili kikaanza vibaya. Dakika ya 50, Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu. Kushoto wakamlaani mwamuzi. Kulia wakafungua zipu. Kuanzia hapo Simba ilicheza pungufu, lakini haikurudi nyuma, na hata mashabiki wa Yanga walianza kukubali kwa sauti ya chini kwamba hawa jamaa wanapambana.

Kisha likaja bao la Steven Mukwala. Mpira wavuni, banda likalipuka, mtu mmoja akatoka nje mbio mpaka barabarani akipiga mluzi. Aliporudi alikuta watu wamekaa kimya. VAR ilikuwa imeita, bao limefutwa, ameotea. Aliuliza mara tatu matokeo ni ngapi na hakuna aliyetaka kumjibu.

Ni maumivu ya aina yake. Zamani ukishangilia bao, umeshangilia. Siku hizi unashangilia huku jicho moja linamwangalia mwamuzi kama anagusa sikio.

Sidibe alipofunga dakika za nyongeza, Simba walikuwa wameshasukuma kila mtu mbele. Haikuwa na maana tena kulinda. Bao lile lilimaliza mjadala.

REDIO YA 1993

Kelele zilipopungua, macho mengi yalimwangalia mzee wa benchi la mbele. Si kwa sababu alilia. Hakulia. Ni kwa sababu watu wa hapa wanajua historia yake, kwa jinsi ambavyo ameisimulia kila msimu.

Novemba 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya 0-0 na Stella ya Abidjan kule Ivory Coast, ikarudi Dar es Salaam watu wakiwa wameshaanza sherehe. Ikafungwa 2-0 mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Mzee alisikiliza kwa redio ya betri, nyumba moja na wanaume zaidi ya ishirini, na anasema mtangazaji aliponyamaza baada ya bao la pili walidhani betri zimekwisha.

Kwa hiyo alisubiri miaka 32. Alisubiri akiwa kijana mwenye ng'ombe wachache, akasubiri akiwa baba, akasubiri akiwa babu. Safari hii aliona kwa macho, kwa rangi, na VAR juu yake. Mwisho ukawa uleule.

Alichosema alipoulizwa na vijana kilikuwa kifupi: kwamba afadhali safari hii ameona wamefungwa na nani na kwa vipi. Mwaka ule alifungwa na sauti.

YANGA NAO WANAKIJUA

Jambo moja lilionekana wazi kabla watu hawajatawanyika. Yanga walishangilia dakika tano, halafu moto ukapoa. Utani haukwisha, lakini ulipoteza makali, na sababu yake inajulikana.

Miaka miwili tu nyuma, benchi la kulia ndilo lililokuwa likishika kichwa. Mei 28, 2023, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger Kwa Mkapa kwenye fainali ya kombe hili hili. Fiston Mayele alisawazisha dakika za lala salama, na kabla watu hawajakaa vizuri, Waalgeria wakafunga la pili. Juni 3 Yanga ikaenda Algiers, ikashinda 1-0 kwa penalti ya mapema ya Djuma Shaban. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa bao la ugenini. Mayele alimaliza mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba, lakini medali ilikuwa ya fedha.

Siku hiyo Simba wa Olmotonyi walikuwa Waalgeria. Wanakiri wenyewe. Kwa hiyo kilichotokea Jumapili ni deni kulipwa, na kila upande unajua deni lina risiti.

Swali ambalo mwanafunzi wa Chuo cha Misitu aliwatupia wenzake ndilo lililobaki likijadiliwa mpaka giza. Kwamba klabu za Kariakoo zimefika fainali mbili za Afrika ndani ya miaka mitatu, na zote mbili nusu ya nchi ilikuwa inaomba mgeni ashinde. Je, kuna siku nchi nzima itakaa benchi moja?

Majibu hayakufanana. Wapo waliosema utani wa jadi ndio unaojaza mabanda na viwanja, ukiuondoa mpira unakufa. Wapo waliosema pointi za CAF anazopata Simba zinamsaidia na Yanga, ndiyo maana nchi inapeleka timu nne kimataifa, kwa hiyo kumshangilia Berkane ni kujikata mguu. Mwarabu wa Olmotonyi alitoa msimamo wa kati: Simba akicheza na mgeni hatua za mwanzo atamwombea, ila fainali hapana, kwa sababu akilibeba hilo kombe hapa kijini hapatakalika.

Walicheka wote, hata kushoto.

ARUSHA INASUBIRI YAKE

Mazungumzo kama haya Arusha yana ladha ya ziada. Hadi siku hiyo mkoa huu haukuwa umepata timu Ligi Kuu tangu JKT Oljoro iliposhuka 2014. Shabiki wa huku anaipenda timu iliyo mbali naye zaidi ya kilomita 600, na wengi wanaikutana nayo kwenye skrini tu.

Wakati huo jiji lilikuwa likijengewa uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Tanzania ilipewa kuiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Kutoka Olmotonyi mpaka huko ni nauli ya daladala tu. Vijana wa bandani walikuwa wameshaanza kupanga nani atakaa na nani, na jambo la ajabu ni kwamba kwenye mpango huo hakukuwa na kushoto wala kulia. Taifa Stars haina benchi mbili.

Mzee aliposimama ili aondoke, njia ya kupanda kwake ilikuwa tope tupu na mvua ilikuwa imeanza tena. Dereva wa kizibao cha chungwa ndiye aliyewasha pikipiki, akamwambia, "Babu, panda." Mzee akakitazama kile kizibao, akamwambia hapandi na Mwarabu. Kijana akakivua, akakikunja, akakiweka chini ya kiti. Mzee akapanda.

Nauli hakudaiwa. Lakini Jumatatu asubuhi, kijiweni pale njia panda, kizibao kilikuwa kimerudi mwilini, na mtu wa kwanza kupita akiwa na jezi nyekundu aliulizwa kama kombe limefika salama.