Gari Limeingia, Habari Zake Zimebaki Ng'ambo

Anayepita Marikiti alfajiri huona jinsi kisiwa cha Mombasa kinavyolishwa. Mikokoteni, tuk-tuk na magari madogo ya mizigo husongamana kando ya Barabara ya Digo yakishusha nyanya, ndizi na nazi. Gari moja likiharibika njiani, mboga hazingoji. Kwa hiyo, kupatikana kwa kipuri leo au kesho kutwa si shida ya fundi peke yake.

Zamani fundi alichukua kipuri kibovu, akaenda nacho dukani na kukilinganisha na kipya. Siku hizi kompyuta ndiyo hutazamwa kwanza. Sina ugomvi na kompyuta. Malalamiko ninayoyasikia kwa mafundi ni kwamba programu nyingi za orodha za vipuri ziliundwa kwa ajili ya magari ya watu wengine.

Tuchukue mfano wa Toyota Probox, gari lipendwalo na wachukuzi wetu. Magari mengi ya namna hii yaliuzwa kwanza Japani, yakatumika huko, kisha yakateremshwa katika bandari ya Kilindini. Programu za soko la Ulaya na Marekani hudai nambari ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17. Gari la soko la Japani halina nambari hiyo. Lina nambari ya fremu iliyo fupi zaidi, inayoanza na alama ya muundo, kama vile NCP51, ikifuatwa na tarakimu 7. Fundi akiiandika, programu humjibu kwamba gari hilo halipo, ilhali limesimama mbele yake likivuja mafuta.

Asipokuwa na orodha ya soko la Japani, fundi hulazimika kubahatisha kwa kuchagua gari linalofanana na lile. Kipuri huagizwa, hulipiwa, na kikifika hakiingii. Duka nalo halitaki kukipokea tena. Hapo mwenye gari humwita fundi mjinga, na pengine mwizi, ingawa kosa lilianzia mbali na gereji.

Kuna pia kikwazo cha lugha. Fundi aliyelelewa gereji husema shokomzoba, bushi na rejeta. Programu hazitambui maneno hayo, bali hudai majina ya Kiingereza yaliyoandikwa bila kukosea. Ujuzi wa miaka 20 hugonga mwamba kwa sababu ya tahajia.

Walimu na wanafunzi wana jukumu hapa. Kwa kawaida nambari ya kipuri cha Toyota ina alama 10. Tano za kwanza hueleza aina ya kipuri: 04465 ni pedi za breki za mbele, na 04466 ni za nyuma. Tano za mwisho hutofautisha muundo mmoja na mwingine. Mwanafunzi anayefahamu mpango huu hugundua kosa kabla fedha hazijatoka mfukoni. Somo hili lifundishwe katika vyuo vyetu vya ufundi, pamoja na faharasa ya vipuri kwa Kiswahili. Si jambo lisilowezekana: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Hata hivyo, elimu pekee haitoshi. Wapigakura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwafungulia mafundi huru habari za ukarabati wa magari. Umoja wa Ulaya nao uliwabana watengenezaji kwa kanuni ya mwaka 2018. Serikali inayoruhusu gari lishuke Kilindini, ikalitoza ushuru, ina haki ya kudai kwamba habari za kulitengeneza ziandamane nalo. Bila hivyo, tutaendelea kununua magari ambayo mafundi wetu wamenyimwa funguo zake.