Madoa meupe kwenye ngozi: usifiche, uende kupimwa

Ndugu zangu wa Kasongo na Kabambare, nikiwa mwanafunzi madoa meupe yalinitokea kifuani na mgongoni. Nikawa navaa mikono mirefu hata jua likiwa kali, juu neno moja tu lilikuwa kichwani: ukoma.

Kumbe yangu yalikuwa kuvu. Kuvu hiyo inaishi kwenye ngozi za watu wengi. Joto na jasho vikizidi, inaongezeka na kufifisha rangi. Doa linakuwa na magamba madogo, pengine linawasha. Dawa ya kupaka inaponyesha, lakini rangi inaweza kukawia miezi. Vitiligo nayo ni kitu kingine: doa jeupe kama maziwa, bila magamba, na haiambukizi.

Doa la ukoma limefifia ao ni jekundu kidogo, haliwashi, na mara nyingi lina ganzi. Funga macho, mwenzako akuguse na pamba. Usiposikia kitu, usingoje: kituo cha afya. Hata ukisikia, muganga ndiye atahakikisha.

Ukoma bado upo Kongo, lakini unapona. Dawa zake ni rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 6 ao 12. Tangu 1995 OMS inazitoa bure. Ukichelewa, mishipa ya fahamu inaharibika, vidole vinapinda, na hapo dawa haivinyooshi tena.

Basi tusichekane. Mimi nilipoteza miezi kwa kuogopa jina tu. Mwenye ukoma akificha hivyo, anaweza kupoteza mkono.