Hewa ukaa: jiwe na mti haviuzwi bei moja

Wakulima wa Rhotia, wilayani Karatu, wamezoea kuulizia bei ya mbaazi, maharage na ngano. Siku hizi wanasikia kuwa hata hewa ina mnunuzi. Ni kweli anaye, lakini bidhaa ni mbili kwa jina moja.

Ya kwanza ni hewa ukaa inayonaswa kiwandani, au angani, na kufukiwa ardhini. Huko Iceland gesi huchanganywa na maji na kushindiliwa katika basalti, jiwe jeusi la volkano. Mwaka 2016 watafiti wa mradi wa Carbfix walieleza kuwa zaidi ya asilimia 95 ya gesi ya majaribio iligeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili. Jiwe haliungui wala halikatwi mkaa, na mitambo yake ni ghali. Ndiyo maana tani iliyonaswa angani huuzwa kwa mamia ya dola. Basalti ipo pia katika Bonde la Ufa, na nchini Kenya kampuni ya Octavia Carbon imejitosa katika kazi hiyo.

Wenye haja kubwa ni viwanda vya saruji. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa gesi yenyewe, hata tanuri likitumia umeme wa jua. Hapo kupanda miti pekee hakutoshi.

Isichanganywe na gesi ya Kyejo, Rungwe, inayouzwa na TOL, kampuni ya kwanza kuandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Ile hutolewa ardhini kwa ajili ya soda. Ukifungua chupa, imekwenda hewani.

Bidhaa ya pili ni msitu. Bonde la Yaeda, kusini mwa Karatu, Wahadzabe hulipwa kwa kulinda miti yao kupitia Carbon Tanzania. Mti huweza kuungua kesho, hivyo tani yake ni rahisi zaidi.

Mkulima wa Rhotia atafuatwa kwa bidhaa hii ya pili. Asikubali kutajiwa bei ya ile ya kwanza. Kabla ya kutia sahihi aulize: mkataba ni wa miaka mingapi, nani anapima, miti ikifa nani analipa, na dalali anakata kiasi gani kabla ya mgawo? Shamba lililofungwa miaka 30 halirudi kulimwa mahindi bei ikipanda. Kanuni za biashara hii zilitoka mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Serikali ya kijiji iulize huko kwanza.