Mtoto Akianguka Mwembeni, Usimkande

Msimu wa maembe watoto hupanda miti. Wengine huanguka na kuumia mkono au mguu. Wazazi wengi husema, "Ameteguka tu." Kisha humkanda kwa maji ya moto na kumvuta. Ndugu msomaji, kufanya hivyo kunaweza kumletea mtoto kilema cha maisha. Kwa nini?

Mfupa wa mtoto si sawa na wa mtu mzima. Karibu na ncha za mfupa mrefu kuna sehemu laini. Sehemu hiyo ni gegedu. Hapo ndipo mfupa unapokulia. Gegedu huongezeka, kisha hugeuka kuwa mfupa mgumu. Hivyo ndivyo mtoto anavyorefuka.

Sehemu za kukulia ziko za aina mbili.

Aina ya kwanza iko karibu na viungo. Hiyo ndiyo inayorefusha mfupa. Mguu hurefuka zaidi karibu na goti. Mkono hurefuka zaidi karibu na bega na karibu na kifundo cha mkono.

Aina ya pili iko pale msuli mkubwa unaposhika mfupa. Mfano ni mbele ya mguu, chini kidogo ya goti. Aina hii hairefushi mfupa. Lakini kijana akikimbia na kuruka sana, huweza kuuma. Akipumzika, maumivu hupungua.

Gegedu ni dhaifu kuliko mfupa. Ile ya aina ya kwanza ikiumia vibaya, mfupa huweza kuacha kukua, au kukua upande mmoja tu. Mkono au mguu huwa mfupi, au hupinda.

Ufanye nini mtoto akiumia?

1. Usimkande. Usimvute.

2. Funga mkono au mguu kwa vipande vya ubao, kama ulivyo. Usiunyooshe. Weka nguo laini kati. Usikaze. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, legeza upesi.

3. Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo.

4. Mrudishe kila tarehe utakayopewa, hata kama haumwi tena. Kasoro ya kukua huweza kuonekana baada ya miezi mingi.

Kumbuka: mfupa wa mtoto huunga upesi. Ukichelewa, utaunga ukiwa umepinda.