Je, Wajua? Nguo 6, mavazi 12

Blauzi 3, sketi 2 na koti 1, rangi zikipatana, hukupa mavazi 12 tofauti: 6 bila koti na 6 ukilivaa. Kwa mkazi wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, koti hilo lina kazi kweli. Bonde la Usangu ni la joto, lakini ukipanda kwenda Mbeya mjini mwezi Juni au Julai, baridi inakupokea.

Nguo hizo zote unaweza kujishonea kwa karatasi za kukatia, yaani zenye umbo la kila kipande cha nguo. Fundi Ebenezer Butterick wa Massachusetts, Marekani, alianza kuziuza zikiwa na saizi mbalimbali mwaka 1863. Kutoka jimbo hilohilo, wafanyabiashara wa Salem walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kilichoitwa marikani. Kitambaa rahisi cha namna hiyo ndicho bora kwa kujaribia: kata, piga bandi, vaa, keti, inua mikono, kisha rekebisha karatasi. Hapo ndipo uguse kitenge chako cha yadi 6, na kama ni cha pamba kifue kwanza, maana husinyaa.