Gari Kuukuu Likitetemeka

Wanachama wenye magari ya zamani wanaijua taabu hii. Gari linakwenda vizuri, kisha likifika mwendo fulani linaanza kutetemeka, kiti kinavuma na kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Wengi hukimbilia kununua tairi, na tairi ni ghali. Mara nyingi tairi haina kosa. Yafaa kila mwenye gari ajue namna ya kutafuta ugonjwa kabla hajafungua mkoba, maana mtetemo mmoja katika hiyo si wa kuchezewa.

Twamwomba msomaji avuke nasi mkondo wa Pemba mpaka Tanga, kisha Mombo, apande milima ya Usambara. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona na mwinuko, na kutoka Lushoto mjini mpaka Irente ni kama kilomita 5 zaidi. Hapo Irente ardhi hukatika ghafla, na nyanda za Mazinde huonekana mbali chini. Vilima vyetu vya Pemba ni vingi lakini ni vifupi. Kabla hujasikiliza vizuri umekwisha kufika juu. Kule gari huvuta kwa muda mrefu likipanda, na likishuka injini hulizuia kwa muda mrefu vile vile. Tofauti ya hali hizo mbili ndiyo inayomtaja mgonjwa.

Tutwae Land Rover ya Series II au III, ambayo hata iliyo changa kabisa ilitoka kiwandani mwaka 1985. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita giaboksi, hufuata propela mpaka kwenye difu, ndipo magurudumu yakazunguka. Kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, propela huzunguka mara 4.7. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 7 kwa sekunde, na propela zaidi ya mara 30. Basi gurudumu bovu hutikisa, na propela mbovu huvuma kama nyuki mzingani. Ukitikiswa mikononi kwa usukani, tazama magurudumu ya mbele. Ukivumiwa kitini na sakafuni, tazama nyuma.

Kwanza kabisa osha rimu kwa ndani. Udongo mwekundu wa Usambara ukikauka upande mmoja wa rimu hulipotosha gurudumu zima, na wa kwetu hufanya vivyo hivyo wakati wa masika. Dawa yake ni ndoo ya maji.

Mtetemo ukibaki, tafuta barabara ya tambarare. Shika mwendo ule unaotetemesha, kisha badili gia kutoka ya nne kwenda ya tatu bila ya kubadili mwendo, ikiwa mwendo huo hauizidi nguvu gia ya tatu. Mtetemo ukibaki vile vile, injini haina hatia; ugonjwa uko nyuma ya giaboksi. Ukibadilika pamoja na sauti ya injini, simamisha gari, uivumishe injini bila gia. Ukitetemeka hata hapo, tazama raba zinazoshikilia injini.

Sasa panda mlima. Mtetemo unaokuja gari likivuta, ukapotea ukiinua mguu, huelekea kwenye krosi za propela, yaani vile viungo vyenye umbo la msalaba. Ukisikia na mlio wa "taku" kila unapoachia klachi, shaka inapungua. Mtetemo usiojali kupanda wala kushuka huelekea kwenye magurudumu, au propela iliyopinda au iliyoangusha kile kibati chake cha uzito. Lakini usijaribu kuteremka mlima bila gia ili usikilize vizuri. Watu hufanya hivyo, na ni upumbavu.

Kisha ingia chini ya gari, likiwa tambarare, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Shika propela karibu na krosi uizungushe kidogo kwa mkono, huku na huku, na uisukume juu na chini. Krosi nzima haichezi. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake ni dalili kwamba grisi ilikwisha zamani. Kaza boliti zote.

Krosi iliyoliwa huweza kukatika na propela ikaanguka. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika nyuma ya giaboksi, na nguvu yake hupitia propela ile ile ya nyuma. Propela ikianguka, umepoteza mwendo na breki ya mkono kwa pamoja. Aliyesimamisha gari lenye gunia kumi za viazi kwenye mteremko wa Irente hana la kumzuia ila breki ya mguu na mawe, au kuingiza gia ya magurudumu ya mbele ili breki ile ishike kwa mbele. Kwa hiyo weka vipande viwili vya gogo ndani ya gari siku zote, hata kama hutoki kisiwani.

Fundi akitoa propela, mtake atie alama ya rangi kwanza kwenye meno yale yanayoteleza. Krosi iliyokunjika haipeleki mzunguko sawasawa. Huharakisha na kuchelewesha mara mbili kila duru, na krosi ya pili husawazisha. Masikio ya ncha zote mbili lazima yakae mstari mmoja. Yakirudishwa jino moja upande, gari lenye krosi mpya litatetemeka kuliko lilipokuja. Wale wanaoongeza springi ili gari libebe karafuu zaidi nao hubadili pembe ya propela, kisha wakamlaumu muuza krosi.

Ukiwa na shaka bado, toa propela ya nyuma kabisa, ingiza gia ya mbele na uliendeshe gari polepole mahali pa tambarare. Mtetemo ukitoweka, peleka propela hiyo kwa fundi, si gari zima.